Asali, korosho na haki ya nyuki

Kila mwaka, kuanzia mwezi Juni hadi Septemba, mikorosho ya Chilangala, kama ilivyo mikorosho ya sehemu nyingine za Newala na Masasi, huvaa maua. Katika miezi hiyo uwanda wa Makonde, ambao mchanga wake hunywa mvua yote na ambao kwa vizazi vingi umewalazimu wakazi wake kuteremka mabondeni kutafuta maji, huwa na neema moja isiyongoja mto wala bomba. Neema hiyo ni nyuki. Lakini huo ndio wakati mashine za kupulizia dawa zinaponguruma mashambani. Na kiangazi hicho hicho ndicho kinachowaona baadhi ya warina asali wakiingia vichakani na vijinga vya moto. Maua, dawa na moto hukutana juu ya kiumbe mmoja mdogo asiye na wa kumsemea.

Kwa sababu hiyo swali linaloulizwa siku hizi katika nchi za mbali, na ambalo sasa limeanza kusikika hata katika miji ya Afrika Mashariki, halifai kupuuzwa. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyeamua kutokula wala kutumia kitu chochote kitokanacho na mnyama, je, anaweza kula asali? Wapo watakaocheka na kusema kwamba hayo ni maneno ya walioshiba, na kwamba mtu ambaye nyama huipata siku ya sikukuu hana haja ya kufundishwa kuiacha. Kicheko hicho kina sababu yake, lakini si jibu. Swali linaweza kutoka kwa aliyeshiba na bado likamhusu mwenye njaa.

Watu wanaofuata mwenendo huo hujiita vigani. Jina hilo lilizaliwa Uingereza mwaka 1944, pale Donald Watson na wenzake wachache walipojitenga na wala mboga wa kawaida, ambao walikataa nyama lakini wakaendelea kunywa maziwa na kula mayai. Watson na wenzake waliona kuwa hiyo ni nusu ya safari. Wakaunda chama chao, na tangu siku za mwanzo wakaitaja asali, pamoja na nyama, samaki, mayai, maziwa, siagi na jibini, miongoni mwa vitu ambavyo mfuasi wao hapaswi kula.

Wala isidhaniwe kwamba wazo hilo ni la Wazungu peke yao. Wafuasi wa dini ya Kijaini, ambao asili yao ni India na ambao wameishi Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam kwa vizazi kadhaa, wamefundishwa tangu kale kujiepusha na asali. Hoja yao ni kwamba asali haitoki mzingani bila viumbe kuumizwa au kuuawa. Mwalimu wa Newala anayedhani kuwa jambo hili ni geni kabisa katika pwani hii hana budi kukumbuka kuwa huenda aliwahi kununua kitambaa katika duka la mtu ambaye hajapata kuonja asali maishani mwake, wala hakumlazimisha mwingine kuiacha.

Hoja za wanaokataa asali ni tatu, na ni haki kuzieleza kwa ukamilifu kabla ya kuzipima. Ya kwanza ni kwamba nyuki ni mnyama, na kilicho chake ni chake. Ya pili ni kwamba asali si takataka wala masalio. Ni akiba ya chakula, iliyokusanywa na nyuki watenda kazi ambao kila mmoja, katika uhai wake wa majuma machache, hutengeneza kiasi kisichojaza hata kijiko cha chai. Kumnyang'anya akiba hiyo ni sawa na kuvunja ghala la mkulima mwezi wa njaa. Ya tatu inahusu namna ufugaji wa nyuki unavyoendeshwa katika nchi zenye viwanda. Huko wapo wafugaji wanaomkata malkia mabawa asiondoke na kundi, wanaompandisha kwa vyombo vya maabara, na wanaoiondoa asali yote wakaacha maji ya sukari badala yake. Katika jimbo la California nchini Marekani, kila mwezi Februari, zaidi ya nusu ya makundi yote ya nyuki wafugwao kibiashara katika nchi hiyo hukusanywa kwa malori kutoka kila pembe, ili yachavushe mashamba ya lozi.

Jibu la swali, kwa maana yake nyembamba, ni fupi. Asali haimo katika mlo wa vigani. Mtu aliyeapa kutokula kitokanacho na mnyama, kisha akatafuta hila ya kuihalalisha asali kwa sababu tu ni tamu au kwa sababu nyuki ni mdudu mdogo, anajidanganya mwenyewe. Nyuki ni mnyama kama ng'ombe alivyo mnyama, na udogo wa mwili haujawa kamwe kipimo cha haki. Katika hili wanaokataa asali wana msimamo ulionyooka, nao wanastahili heshima kama anavyostahili heshima kila mtu anayefunga kwa ajili ya imani yake.

Lakini swali lina maana pana zaidi, na hapo ndipo Chilangala inapoingia. Watu hawa hawakuiacha asali kwa sababu ya jina lake. Waliiacha ili wapunguze madhara wanayotendewa viumbe. Kama hilo ndilo kusudi, basi kinachopaswa kuulizwa si kama kitu kilichomo chupani kinaitwa asali, bali kimepatikana kwa njia gani na kimeacha nini nyuma yake. Na swali hilo halimwachi mtu yeyote salama, si mla mimea wa London wala mla asali wa Newala.

Ni vema kuanza na aliye karibu. Mrina asali aendaye porini na kijinga cha moto, akauunguza mzinga wa asili ulio ndani ya shina, akaua nyuki kwa maelfu, akayakamua masega pamoja na majana yake, kisha akauangusha mti mzima kwa ajili ya ndoo moja, hana hoja ya kumjibu mla mimea. Amekula mara moja kile ambacho kingemlisha miaka kumi. Mti ule ulikuwa nyumba. Kundi lile lingegawanyika na kuzaa makundi mengine. Na cheche alizoziacha zinaweza kuteketeza pori na mikorosho ya jirani. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawakusema mchome nyuki ule asali.

Yupo mrina wa namna nyingine, naye ndiye aliye mrithi wa kweli wa ufundi wa kale. Huyu hutumia moshi kidogo wa kuwatuliza nyuki, si ndimi za moto. Huyachagua masega yaliyoiva na kufunikwa kwa nta, huyaacha yenye majana, na huliachia kundi sehemu ya chakula chake. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, Wayao ambao ni ndugu wa Wayao wa Masasi na Tunduru bado huenda porini kwa msaada wa mlembe, yule ndege mdogo aongozaye watu kwenye asali. Mtu hutoa mlio maalumu aliofundishwa na baba yake. Ndege huitika, huruka mti hadi mti, na akishamfikisha mtu kwenye nyuki hungoja ujira wake, yaani nta.

Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Claire Spottiswoode walichapisha matokeo ya kazi yao huko Niassa. Walionyesha kuwa mrina atumiaye mlio huo hupata nyuki mara 54 katika kila safari 100 za majaribio, na kwamba mahali pa mlio huo pakitiwa sauti nyingine, kiwango hicho huanguka hadi kama 17. Mwaka 2023 utafiti mwingine, uliowahusu pia Wahadza wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi hapa Tanzania, ulionyesha kuwa ndege wa kila mahali huujua mlio wa wenyeji wake na kuuitika zaidi kuliko mlio wa wageni. Mlembe ni ndege wa porini, hafugwi wala hafungwi. Kama binadamu angekuwa mwizi tu katika jambo la asali, ni vigumu kueleza kwa nini ndege aliye huru humwita na kumngoja.

Sasa ni zamu ya aliye mbali. Mla mimea wa Ulaya au Marekani akiacha maziwa hutafuta kitu cha kuyachukua mahali pake. Katika miaka ya hivi karibuni kitu kimojawapo alichokipata ni korosho. Korosho huloweshwa, husagwa na kuchujwa, zikawa maziwa. Huchachushwa na kugandishwa, zikawa jibini. Bidhaa hizo huuzwa kwa bei kubwa na kusifiwa kuwa hazina dhuluma juu ya mnyama yeyote. Na korosho ni zao linaloisimamisha mikoa ya Mtwara na Lindi: ndilo linalolipa ada, linaloezeka nyumba na linalomnunulia mtoto wa Chilangala sare ya shule. Kwa hiyo mtu anayeikataa asali huko aliko huenda kila asubuhi anakunywa jasho la mkulima wa uwanda wa Makonde.

Jambo ambalo huenda mnywaji huyo hajaambiwa ni kwamba ndani ya jasho hilo limo la nyuki pia. Ua la mkorosho halitegemei sana upepo. Shada lake moja hubeba maua ya kiume na maua yenye jinsia zote mbili, na chavua yake ni nzito yenye kunata. Inahitaji mdudu wa kuibeba, na miongoni mwa wabebaji hao nyuki wana nafasi kubwa, kama ilivyothibitishwa na tafiti zilizofanywa Brazil, ambako ndiko chimbuko la mkorosho. Ndiyo kusema anayeila korosho amekwisha kuitumia kazi ya nyuki, hata kama hajaionja asali yake. Hawezi kunawa mikono kwa kuisukuma chupa ya asali kando ya meza, kama vile asiyetumia asali ila lozi za California asivyoweza kudai kwamba hakuna nyuki aliyepakiwa kwenye lori kwa ajili yake. Wala hatapona kwa kukimbilia sukari, kwa kuwa katika mashamba mengi ya miwa duniani miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, na moto huo hauchagui kiumbe.

Hapa inapasa kusema wazi habari ya dawa. Wananchi wa kusini hawahitaji kuhadithiwa hasara ya mkorosho usiotunzwa. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kama tani 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, bei isiyotia moyo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulioyanyausha maua. Salfa iliisaidia mikorosho kusimama tena. Kwa hiyo yeyote anayemwambia mkulima wa Newala aache dawa zote kwa ajili ya nyuki anamwambia arudi katika umaskini ule, na hapaswi kusikilizwa.

Lakini dawa si moja, na si kila saa ni saa ya dawa. Salfa ni ya kuzuia ukungu. Viuawadudu vinavyopulizwa dhidi ya mbu wa mikorosho na wadudu wengine ndivyo hatari kubwa kwa nyuki, hasa vinapopulizwa mchana, maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini. Mkulima anayefanya hivyo anamlipa kibarua wake kwa sumu, na mwisho wake atalalamika kuwa mashada yalichanua vizuri lakini hayakushika korosho. Kupuliza jioni nyuki wakiwa wamerudi, kupima kiasi badala ya kukisia, kumwarifu jirani mwenye mizinga, na kuwahifadhi maji moto, wale chungu wekundu wajengao viota vya majani mikoroshoni na ambao huwala mbu wa mikorosho bila malipo, ni mambo yasiyohitaji fedha za kigeni. Yanahitaji elimu na uangalifu.

Mla mimea mwenye busara atabaki na pingamizi moja. Atasema kwamba hata mfugaji mpole bado anachukua kisicho chake, na kwamba kuongeza mizinga ya nyuki wa asali kunawanyima chakula nyuki wengine wa porini. Pingamizi hilo lina uzito, lakini lina uzito zaidi huko linakotoka. Amerika ya Kaskazini haikuwa na nyuki hawa wa asali mpaka walipopelekwa na Wazungu katika karne ya 17. Nyuki wa Chilangala hakuletwa na meli. Ni mwenyeji wa nchi hii, ameishi pamoja na nyuki wadogo wasiouma na wadudu wengine tangu zamani. Hakatwi mabawa, na akichoshwa huhama, kwa kuwa nyuki wa Afrika hakubali kukaa mahali anapoonewa. Uhuru huo wa kuhama ndio ulinzi wake. Mfugaji mlafi ataamka na kukuta mzinga mtupu. Anayeacha sehemu ya haki ataukuta umejaa tena. Na mahali ambapo miti mikubwa yenye mapango imekatwa kwa mkaa na mbao, mzinga uliotundikwa vizuri ni nyumba iliyorudishwa kwa aliyenyang'anywa.

Kwa hiyo asali inayostahili kutetewa mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya yule ambaye hataila, ni ile iliyorinwa kwa moshi na si kwa moto, iliyoacha majana na akiba mzingani, na iliyouacha mti ukiwa umesimama. Asali isiyo na sifa hizo haifai hata kwa mtu anayekula nyama kila siku. Hicho ndicho kipimo, na ni kipimo kinachoweza kutumika Chilangala bila kuazima neno lolote kutoka nje.

Kazi iliyobaki ni ya watu wenye dhamana, na wengi wao ni walimu na watumishi wa Serikali. Makadirio ya Serikali kwa miaka mingi yametaja kuwa Tanzania ina uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka, na mavuno halisi yamekuwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Nchi ina sera ya ufugaji nyuki tangu 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki tangu 2002. Karatasi zipo. Kinachopungua ni mtu wa kuzitoa kabatini na kuzifikisha chini ya mkorosho. Bwana shamba na bibi shamba anayefika kijijini kugawa dawa hana budi kueleza katika mkutano huo huo saa ya kuipuliza. Ofisa wa nyuki na ofisa wa korosho wasipishane barabarani kama wageni, kwa maana mkulima wanayemhudumia ni mmoja na ua wanalolitegemea ni moja. Serikali ya kijiji iwe na sauti juu ya nani anarina katika msitu wake na kwa njia ipi, na anayewasha moto ovyo aitwe aeleze mbele ya wenzake.

Kwa mwalimu lipo fundisho la pekee. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iwe pia mahali pa kazi na pa kujifunza kutokana na kazi hiyo. Mizinga mitano iliyotundikwa kwenye ukingo wa shamba la shule, mbali na madarasa, inaweza kufundisha sayansi, hesabu na uraia kwa pamoja. Mtoto ataona kazi ikigawanywa bila kugombana, atahesabu kilo na shilingi, na atajifunza kwamba kuchukua kuna mpaka wake. Akikua na kuamua kutokula asali kwa sababu ya dhamiri yake, atakuwa ameamua kwa kujua. Akiamua kuila, hataila kwa moto.

Mikorosho itachanua tena mwezi Juni. Kabla ya siku hiyo, kila aliye na mashine ya dawa, kila aliye na kijinga mkononi, na kila aliye na chaki, ana muda wa kutosha wa kujiuliza atamtendea nini kibarua huyu asiyedai mshahara. Mla mimea wa mbali ameuliza swali lake kwa sababu anataka kula bila kudhulumu. Mwananchi wa Chilangala ana sababu kubwa zaidi ya kulijibu vizuri, kwa kuwa yeye, nyuki akiondoka, hatapoteza asali peke yake. Atapoteza na korosho.